Fulana ya Msiba Wangu

Seminarini tulifundishwa Kilatini kwa kusoma hotuba za mawakili wa kale, na mwalimu wetu, padri mzee mwenye sauti ndogo, hakuchoka kutukumbusha jambo moja: mshtaki hodari haanzi na hasira. Huanza kwa kueleza mambo yalivyokuwa kabla kosa halijatendeka, taratibu, bila kutia chumvi, ili kosa litakapoingia msikilizaji alione lilivyovunja kitu kilichokuwa kizima. Tangu siku hizo nimesoma mengi, na sasa nafundisha wengine, lakini sijapata kanuni iliyo bora kuliko hiyo. Nitaanza, basi, na mambo yalivyokuwa.

Asili yetu ni ng'ambo ya ghuba, mbele kidogo ya Busisi, ambako makaburi ya ukoo yako kwenye mteremko unaotazama ziwa. Walio hai wengi walikwisha kuhamia mjini. Mama yangu alipanga vyumba Butimba na kuuza vitenge sokoni. Baba yangu alifariki nikiwa bado shule ya msingi, na kaka yake, baba mkubwa, ndiye aliyenitafutia nafasi seminarini na kunisimamia kipaimara. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu mwenye nyumba Buhongwa, na ua wake ulifagiliwa kila asubuhi hata kama hakuna jani lililoanguka. Katika ukoo hapakuwa na kamati ya arusi wala ya msiba ambayo yeye hakuwa mwenyekiti wake. Alipokohoa kabla ya kusema, watoto waliacha kutafuna.

Mtu huyo alikuwa na jeraha moja, na wote tulilijua. Siku ya kumzika baba yangu ilikosekana picha ya kuweka juu ya jeneza. Baba hakupenda kupigwa picha. Ikapatikana moja tu ya arusi ya jirani, ambamo alisimama katikati ya wenzake wakicheka. Fundi wa studio akawakata wenzake, lakini mkono mmoja uliokuwa umelala begani mwa baba haukukatika bila kukata na bega, akauacha. Picha ikawekwa juu ya jeneza na mkono ule usio na mwenyewe, saa ikimetameta kwenye kifundo. Basi walikuwapo watani. Kwetu mtani ana ruhusa msibani ambayo hata padri hana: anaweza kumcheka marehemu, kumtukana, kulala juu ya udongo wa kaburi na kukataa kuondoka, na atakayemkasirikia ndiye anayepata aibu. Watani waliuona mkono. Walisimama kando ya jeneza wakapiga kelele, "Mwenye mkono ajitokeze! Marehemu anasindikizwa na nani? Mwenye mkono ajitokeze!" Watu walilia na kucheka kwa pamoja, kama inavyotakiwa. Baba mkubwa hakucheka. Miaka ilipita, na katika kila mkusanyiko alitokea mtu wa kumwuliza kama mwenye mkono amekwisha kupatikana. Aliapa mbele ya ukoo kwamba hatasimamia tena msiba usiokuwa na picha safi.

Jambo la mwisho ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyesuka nywele katika saluni moja hapo Buhongwa. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani kati yao. Tangu nilipoingia seminarini aliniita Baba Askofu, akanipigia magoti barabarani mbele za watu, akaniomba nimbarikie mabegi ya nywele za bandia. Nami nilimwita jina la ndege mmoja wa ziwani mwenye miguu mirefu, ambalo sitaliandika, kwa sababu bado ananikumbusha kwamba sijalilipia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa nilipofika kidato cha sita na uvimbe ukatokea shingoni mwangu.

Uliitwa mafindofindo kwanza. Kisha ukaitwa tezi, nikapewa vidonge. Ulipofikia ukubwa wa yai la kanga na jasho likawa linalowesha shuka, mama alinipeleka hospitali ya rufaa, juu ya kilima, ikakatwa nyama kidogo ikapelekwa maabara. Daktari aliwaita mama na baba mkubwa ofisini. Mimi niliachwa kwenye benchi, ingawa shingo ilikuwa yangu na nilikuwa mtu mzima kwa mujibu wa sheria. Baadaye daktari yule yule alinieleza mwenyewe, kwa upole na kwa ukamilifu: ni saratani ya tezi za limfu, huwapata sana vijana, ina dawa, dawa ipo hapa hapa, na wengi wanaoimaliza hupona. Maneno hayo hayo aliwaambia wale wawili. Mama alisikia kwamba dawa ipo. Baba mkubwa alisikia saratani, akatoka akiwa amekwisha kuunda kamati kichwani.

Nililazwa wodi ya wanaume. Watoto walikuwa na wodi yao yenye samaki na twiga waliochorwa ukutani; wazee walikuwa na sisi. Kijana hakuwa na mahali pake. Wazee walinituma maji ya moto, wakaniuliza kama nimeoa, na mmoja wao, aliyekuwa akiumwa koo, kila asubuhi alinitazama kwa huruma akisema kwa mkwaruzo, "Na wewe mapema hivi?" Dawa ya dripu ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela, na mkojo ulitoka mwekundu vile vile. Mdomo uliota vidonda. Nywele zilibaki kwenye mto wa kulalia. Lakini yote hayo nilikuwa nimeambiwa mapema, na mateso yaliyotangazwa huvumilika. Yasiyotangazwa yalikuwa sauti. Watu wote walionijia walishusha sauti. Wanafunzi wenzangu walikuja na rozari, wakakaa kama waliokuja kumwona askofu kweli. Majirani wa Butimba walisema na mama juu ya kichwa changu: "Anakula? Analala?" kana kwamba mimi ni mtoto wa kunyonya. Hakuna aliyenikosoa, hakuna aliyenibishia, hakuna aliyenitania. Nikaelewa kwamba kuna namna ya kumwondoa mtu duniani kabla hajaondoka, nayo ni kumkubalia kila kitu.

Jumapili moja, baada ya misa, baba mkubwa aliingia wodini na mpiga picha. Alikuwa amebeba shati langu jeupe la shule, limepigwa pasi, na skafu ya mama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Vaa hili. Tunapiga picha ya kumbukumbu tu."

"Kumbukumbu ya nini?"

"Ya familia. Watu wanaiulizia. Mama yake, mfungie skafu, hapo shingoni pafunikwe vizuri."

Mama alinifungia skafu. Vidole vyake vilikuwa baridi. Sijui kama alijua. Sikumwuliza, na sitamwuliza. Baba mkubwa aliwaondoa wote waliokuwa karibu na kitanda. Alimwondoa hata mama. Alisimama nyuma ya mpiga picha akichungulia, akasema, "Sogea kushoto, mkono wa yule mzee unaonekana." Kisha akaniambia maneno ambayo niliyaona ya ajabu, lakini nilikuwa nimechoka mno kuyachambua: "Tabasamu kidogo. Siyo sana."

Wiki chache baadaye alikuja binamu yangu. Alikuwa hajaja tangu nilazwe, nami nilikuwa nimemwandikia hukumu moyoni. Alisimama mlangoni akiangalia kichwa changu kisicho na nywele, na wazee wote wakamtazama, wakingoja ashushe sauti kama wengine.

"Haa!" alisema kwa sauti ya sokoni. "Baba Askofu! Hata kofia ya uaskofu haitakaa hapo, itateleza!"

Mzee wa koo alijaribu kucheka, akakohoa. Mimi nilisikia kitu kikifunguka kifuani, kama dirisha lililokuwa limevimba kwa mvua.

"Wewe ndege," nilimwambia, "ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakuogopa. Mama alisema ukitaniwa utakufa. Halafu juzi nimeona kitu, nikasema hapana, huyu wameshamwua tayari, ngoja nikamtanie." Aliketi kitandani bila kuombwa na kufungua mfuko wa plastiki. "Mjomba alinituma chumbani kwake nimtolee viti vya wageni. Nyuma ya viti kuna boksi. Nikasema nichungulie, labda ni vitenge. Sasa ona. Picha imetoka nzuri kuliko wewe."

Ilikuwa fulana nyeupe. Kifuani nilikuwepo mimi, nikitabasamu kidogo, siyo sana. Skafu ilikuwa imeondolewa kwa kompyuta na mahali pake pamewekwa shingo laini, nyembamba, shingo ya mtu mwingine. Juu ya kichwa changu paliandikwa *Tutakukumbuka Daima*. Chini palikuwa na mwaka wangu wa kuzaliwa, kistari, na baada ya kistari nafasi tupu.

"Zipo za saizi zote," binamu alisema. "Mpaka za watoto. Hiyo ya kwako nimechukua kubwa, nilijua utapenda ikupwaye."

"Na hapa mbona pako tupu?"

"Watapiga chapa baadaye. Si unajua mjomba, hapendi kukimbizana na mafundi." Utani ulikuwa umemwishia ghafla, akabaki msichana aliyeiba fulana. "Nisingekuonyesha, eti?"

"Ungenionyesha mapema zaidi," nilisema.

Nataka kuwa mwadilifu, kwa sababu mshtaki asiye mwadilifu hupoteza kesi. Baba mkubwa hakunitakia kifo. Kama angeulizwa angesema, na angeamini, kwamba alikuwa akinipenda kwa njia anayoijua. Ubaya wake ulikuwa unadhifu. Kati yangu na aibu ya picha mbaya, alichagua kuokoka na aibu, na kwa kuwa hesabu yake ilikwisha kufungwa, kuishi kwangu kungekuwa uchafu uani mwake. Haya niliyafikiri baadaye. Siku ile niliikunja fulana nikailaza chini ya mto, na kwa mara ya kwanza tangu dripu zianze niliomba uji.

Hospitalini palikuwa na muuguzi mmoja aliyesomea ushauri wa wagonjwa, mama wa makamo kutoka Ukerewe, mwenye mwendo wa mtu asiyewahi kuchelewa. Aliona kwamba vijana hatukuwa wa samaki wa ukutani wala wa wazee, akaanza kutukusanya mwisho wa korido, penye mabenchi na dirisha linalotazama ziwa. Tulikuwa wachache: mimi, na msichana wa sekondari kutoka upande wa Geita aliyekuwa na saratani ya mfupa wa mguu, na wengine waliokuja na kuondoka. Mara za kwanza sikusema kitu. Safari hii nilikwenda nimevaa fulana ile.

Msichana wa Geita aliisoma kwa utaratibu, juu hadi chini. "Hiyo shingo si yako," alisema.

Nikaeleza yote. Nilipomaliza nikamgeukia mshauri nikingoja neno nililokwisha kulitayarishia jibu. Kila mtu aliyewahi kuniketisha kunishauri alikuwa amelisema neno hilo hatimaye: samehe.

Mshauri alivua miwani. "Utamfanya nini?" aliuliza.

"Nani?"

"Baba yako mkubwa. Naona unataka kumfanyia kitu. Ni kitu gani?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nikasema, na nilipokuwa nikisema ndipo nilipojua, kwamba baada ya masika baba mkubwa angefanya jubilei ya ndoa yake, ukoo wote ungekuwapo uani kwake, na mimi nitaingia pale nimevaa fulana ile, nisimame mbele yake, nimwamkie, na itambidi aniitikie.

"Utaingia ukitembea au ukibebwa?"

"Nikitembea."

"Kutoka barabarani mpaka kwake kuna mlima?"

"Upo. Mdogo."

"Leo umetembea mpaka wapi?"

"Mpaka hapa."

"Basi hujafika hata getini," alisema, akavaa miwani. "Na utamwamkia kwa mdomo upi? Huo wenye vidonda? Hatasikia kitu. Unasukutua yale maji ya chumvi?"

"Yananichoma."

"Aa. Basi mwache tu, asherehekee."

Msichana wa Geita alicheka mpaka akashika mguu wake. Nami nilirudi wodini nikasukutua.

Nimesoma, kwa sababu za kazi na kwa sababu zangu, maandishi mengi juu ya faraja. Mengi kati ya hayo humtaka mgonjwa awe mwema. Mshauri wetu hakutaka niwe mwema. Alitaka niwe na mahali pa kwenda. Tangu siku ile hakuniuliza tena kama ninakula. Aliuliza kama msafara umeandaliwa. Nilipotapika na kukataa ugali alisema sherehe za Buhongwa huwa na ngazi nyingi. Nilipotaka kukatisha dripu, karibu na mwisho, hakunihubiria thamani ya uhai. Alisema, "Sawa. Niletee fulana niwarudishie boksini, wasije wakapungukiwa." Nikanyoosha mkono ukatafutwa mshipa. Nilitembea korido, kisha ngazi, kisha mteremko mpaka kwa wauza matunda na kurudi. Kila hatua ilikanyaga kitu, nami nilijua ni nini.

Msichana wa Geita aliufuatilia mpango kama watu wanavyofuatilia tamthilia. Kila tulipokutana alitaka nianze upya, na kila mara alisahihisha.

"Usiingie mwanzoni," aliniambia siku moja. Walikuwa wamekwisha kumkata mguu, na alikuwa amefunika sehemu ile kwa kanga. "Mwanzoni wana njaa, na mwenye njaa hana aibu. Wacha wale washibe. Ingia wakati wa picha."

"Kwa nini wakati wa picha?"

"Si anapenda picha?"

Nilimwambia kwamba yeye naye atakuja, nitamwombea mwaliko. Akasema atakuja kama nitamtafutia mahali pa kukaa penye kumwona baba mkubwa usoni, hataki kuona migongo. Nilikubali. Hakufika. Ugonjwa ulipanda mapafuni, akafariki wodi ya juu, akiwa katikati ya watu wa nyumbani kwao waliokuwa wakimwambia atapona, yeye aliyetuambia mabenchini kwamba anajua hatapona. Kwenye kikao kilichofuata tuliliacha benchi lake wazi. Mshauri alilia mbele yetu bila kujificha, kisha akafuta miwani akaniuliza, kwa sauti ambayo bado haikuwa imetulia, msafara umefikia wapi. Nikamjibu kwamba sasa ninamdai baba mkubwa kwa ajili ya wawili.

Jubilei ilikuwa Jumamosi. Dripu zilikuwa zimekwisha, kipimo kilikuwa safi, nywele zilikuwa zimeanza kurudi kama manyoya ya kifaranga. Ukoo ulijua kwamba natibiwa. Wachache walijua kwamba nimepona, kwa sababu habari njema haina kamati. Nilivaa koti la marehemu baba juu ya fulana nikapanda mlima ule wa Buhongwa kwa miguu yangu. Binamu alinisubiri nyuma ya tenki la maji akiwa na sahani ya pilau.

"Wameshiba," alinong'ona. "Mjomba ameshapangwa kwenye kiti. Mpiga picha ni yule yule. Baba Askofu, unatetemeka."

"Ni mlima."

"Ni mlima," alikubali, akaniondolea koti.

Alitangulia yeye. Alifika katikati ya ua, penye maua ya plastiki na kapeti jekundu, akaweka mikono kichwani na kupiga yowe la msiba ambalo liliwanyamazisha hata wapiga muziki.

"Uuuwi! Uwi jamani! Tumempoteza! Mtani wangu jamani, kijana mzuri, shingo nyembamba kama ya twiga! Nani atanibarikia mabegi?"

Wanawake waliinuka nusu. Mtu aliuliza kwa hofu, "Nani? Nani amefariki?" Ndipo nilipoingia.

Sitaeleza nyuso. Niliziona, ninazo, na ni zangu. Nitasema tu kwamba walisoma fulana kwanza, kisha wakanisoma mimi, kisha wakaisoma tena fulana, na macho yao yalipofika kwenye nafasi tupu baada ya kistari yakageuka, moja baada ya jingine, kumtazama baba mkubwa. Alikuwa ameketi kando ya mkewe, amevaa suti ya kijivu. Hakuinuka.

"Nyamaza wewe!" alimwambia binamu. "Huna adabu? Unaleta msiba kwenye sherehe yangu?"

"Mjomba, mimi si mtani wake?" binamu alijibu akijifuta machozi ambayo hayakuwapo. "Mtani anakatazwa kulia kwenye msiba wa mtani wake? Fulana si hizi hapa? Na boksi zima liko chumbani kwako. Tugawane, jamani, tuvae, mbona mnaona haya? Saizi zote zipo!"

Mzee mmoja wa ng'ambo, mtani wa ukoo tangu zamani, alianza kucheka polepole, akipiga fimbo chini. Kicheko kilienea. Baba mkubwa alijua kanuni kuliko sisi wote: akimkasirikia mtani msibani, aibu ni yake, akikana kwamba ni msiba, aeleze fulana.

Nilifika mbele yake. Nilipiga goti moja, kama nilivyofundishwa na yeye mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

Mtu hawezi kuitikia salamu ya marehemu, na mtu hawezi kuacha kuitikia salamu ya mtoto wake. Nilibaki na goti chini. Nilikuwa na nguvu za kubaki hapo mpaka jioni. Nilikuwa nimezifanyia kazi.

"Marahaba," alisema hatimaye. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo nilisikia mimi peke yangu, "Mwanangu, nilitaka uzikwe kwa heshima."

"Najua, baba," nilimjibu. "Picha ilitoka nzuri."

Nilisimama nyuma ya kiti chake. Nilimwita mpiga picha, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya spika. Niliweka mkono wangu juu ya bega la baba mkubwa, nikaulaza vizuri, vidole vikiwa vimetanda juu ya suti ya kijivu, na nilihisi bega likikakamaa chini yake kama mbao.

"Tabasamu kidogo, baba," nilisema. "Siyo sana."

Picha ilipigwa.

Mshauri, nilipomsimulia, aliuliza kama hasira imekwisha. Nikasema haijakwisha, ila sasa inanikaa vizuri, haipwayi. Alisema kuna wanaotoka pale na makovu mabaya zaidi, akaniomba nirudi mara moja moja kukaa na vijana wapya. Ninarudi mpaka leo. Kila ninapoketi kwenye mabenchi yale huwauliza kwanza ni nani wanayetaka kumwonyesha. Karibu wote wana mtu.

Boksi la fulana halikuonekana tena Buhongwa. Baba mkubwa hakulitaja, nami sikulitaja, lakini yangu niliivaa katika kila kikao cha ukoo, kipaimara na arusi, imefuliwa na kupigwa pasi, na kila mara nilimwamkia kwanza yeye. Aliitikia kila mara. Watu walisema tumepatana.

Miaka mingine ilipita, daraja la kuvuka ghuba likamalizika, na kiharusi kikamchukua baba mkubwa katika asubuhi ya kawaida, ufagio ukiwa bado mkononi mwa msichana wa kazi. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo, kamati ilinipa kazi ya picha. Mkewe alinikabidhi ile ambayo marehemu alikuwa amejichagulia mwenyewe: ukuta mweupe, tai, yupo peke yake, tabasamu kidogo. Niliitia ndani ya kamusi yangu ya Kilatini, na humo imo hadi sasa. Nilikwenda studio na picha ya jubilei, nikamwelekeza fundi awakate wengine wote na auache mkono.

Jeneza lilivuka daraja hadi Busisi na picha ile juu yake. Pale makaburini watani waliuona mkono, wakapiga kelele kama walivyopiga siku ya baba yangu, "Mwenye mkono ajitokeze!"

Nilijitokeza.